Unaandika Utafiti Ukiwa Amu? Namna ya Kunukuu Vyanzo na Kupata wa Kukusaidia

Kila likizo ndefu ikifika, wanafunzi wa vyuo hurudi Amu, yaani Lamu, na kompyuta mikobani na kazi ya utafiti ambayo haijesha. Wengine wanasoma Kilifi, wengine Mombasa, wengine Nairobi. Wakija kwangu baada ya sala ya alasiri tukakaa barazani, karibu wote huanza na neno moja: kazi imerudishwa, na msimamizi ameandika "chanzo kiko wapi?" kila ukurasa. Nimeyaeleza mambo haya kwa mdomo miaka mingi. Leo nayaandika, ili na yule asiyeweza kufika barazani ayapate.

Nitashika mfano mmoja. Tuseme unaandika kuhusu bandari mpya ya Lamu na maisha ya wavuvi. Gati la kwanza lilizinduliwa tarehe 20 Mei 2021, mada bado iko hai, na vyanzo vyake ni vya kila aina: kitabu, takwimu za serikali, hukumu ya mahakama, na wavuvi wenyewe. Ukiweza kunukuu hivyo vinne sawasawa, hutashindwa na kingine.

Hatua ya kwanza: uliza idara yako inataka mtindo gani

Mtindo ni kanuni za namna ya kuandika vyanzo; usianze kuandika orodha ya marejeleo kabla ya kuuliza. Idara za elimu, biashara na sayansi ya jamii aghalabu hutaka APA, ambayo sasa iko toleo la saba, lililotoka 2019. Lugha na fasihi hupenda MLA, toleo la tisa la 2021. Historia hutumia sana Chicago, yenye tanbihi chini ya ukurasa. Toleo lake la kumi na nane lilitoka 2024. Wahandisi wana IEEE, watu wa tiba wana Vancouver. Harvard nayo utaisikia kila mahali, lakini haina kitabu kimoja cha kanuni. Kila chuo kina Harvard yake, kwa hiyo omba mwongozo wa chuo chako hasa.

Ukishajua, shikilia huo huo. Kazi nyingi ninazoziona zimechanganya: ukurasa wa tatu APA, ukurasa wa tisa Chicago, kwa sababu mwanafunzi alinakili marejeleo kutoka makala tofauti na kila makala ilikuja na mtindo wake. Msimamizi huliona hilo kabla hajasoma hoja yako.

Hatua ya pili: andika chanzo pale pale

Mwenye duka wa Langoni akikukopesha unga na sukari, hangoji mwisho wa mwezi ndipo aandike. Huchukua daftari kabla hujavuka kizingiti: jina, kitu, kiasi, tarehe. Fanya hivyo hivyo na kila unachosoma. Kabla hujafunga kitabu au ukurasa wa intaneti, andika jina la mwandishi kama lilivyo kwenye ukurasa wa ndani wa kitabu (si kama linavyotajwa na watu), mwaka, jina la kazi, mchapishaji, na ukurasa uliotoa neno lile. Ikiwa ni makala ya jarida, ongeza jina la jarida, juzuu, toleo, kurasa inapoanzia na inapoishia, na namba ya DOI kama ipo. DOI huanza na 10, na ukiiandika baada ya doi.org/ inakupeleka kwenye makala yenyewe hata kama tovuti imehama.

Kinachosahaulika zaidi ni ukurasa. Nilipoandika tasnifu yangu nilisoma kitabu kimoja cha historia ya pwani katika maktaba ya chuo, nikanakili sentensi tatu nzuri kwenye karatasi, nikapanda basi kurudi nyumbani. Karatasi nilikuwa nayo, namba za kurasa sikuwa nazo. Kitabu kilikuwa safari ya siku nzima kutoka nilipokuwa, na siku ya kuwasilisha ilikuwa Ijumaa ile. Nilizitoa sentensi zote tatu, na sura iliyokuwa imesimama juu yake ikalegea. Hilo limekaa nami mpaka leo.

Jambo jingine la daftari: tenganisha maneno ya mwandishi na maneno yako. Mimi huweka alama za kunukuu hata kwenye karatasi chafu kila ninaponakili neno kwa neno, na wazo langu mwenyewe naliandika kwa kalamu ya rangi nyingine. Wengi wanaoshtakiwa kwa wizi wa maandishi hawakukusudia kuiba. Walisoma daftari lao baada ya miezi miwili, wakaona sentensi nzuri, wakadhani ni yao.

Hatua ya tatu: jua lini unanukuu na lini unaeleza

Nukuu ya moja kwa moja ni maneno ya mwenyewe kama alivyoyasema, ndani ya alama, pamoja na ukurasa. Itumie maneno yenyewe yanapokuwa na uzito. Katika APA, nukuu yenye maneno 40 au zaidi huondolewa alama na kuandikwa kama kifungu cha peke yake kilichoingizwa ndani. Katika MLA ni nathari inayozidi mistari minne.

Kueleza kwa maneno yako ndiko kunakowashinda wengi. Tazama sentensi hii, niliyoitunga kwa ajili ya mfano:

"Wavuvi wa Lamu hutegemea pepo mbili za mwaka, kaskazi na kusi, kupanga safari zao za baharini."

Mwanafunzi huandika: "Wavuvi wa Amu hutegemea pepo mbili za kila mwaka, kusi na kaskazi, kupanga safari zao majini." Amebadilisha Lamu kuwa Amu, bahari kuwa maji, akageuza mpangilio wa pepo. Mifupa ya sentensi ni ile ile. Hata akiweka jina la mwandishi mwishoni, bado hajaeleza, amenakili na kupaka rangi.

Funga kitabu. Sema kwa sauti ulichoelewa, kama unamweleza ndugu yako mdogo. Kisha andika ulichosema: "Anayeamua siku ya mvuvi wa Lamu kutoka si mvuvi mwenyewe bali upepo, kusi ina mpango wake, na kaskazi ina wake." Halafu weka jina na mwaka, kwa sababu maneno ni yako lakini wazo bado lina mwenyewe. Fungua tena kitabu uhakikishe hukuongeza asilolisema.

Na yale yanayojulikana na kila mtu hayahitaji chanzo. Kwamba Lamu ni kisiwa, huhitaji kumnukuu mtu. Kwamba mji wa kale uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, hiyo ni taarifa yenye tarehe. Msomaji akitaka kuithibitisha ataitafuta wapi? Mwonyeshe.

Hatua ya nne: vyanzo vinne, kimoja kimoja

Kitabu ndicho chepesi. Tuseme umesoma kitabu cha Usam Ghaidan kuhusu majengo na mitaa ya mji wetu. Katika maandishi, kwa APA, utaandika (Ghaidan, 1975) na ukurasa wako ikiwa umenukuu neno kwa neno. Katika orodha: Ghaidan, U. (1975). *Lamu: A study of the Swahili town*. East African Literature Bureau. Angalia mambo mawili. Kwanza, APA ya toleo la saba haitaki tena mji wa mchapishaji, kwa hiyo "Nairobi" haiandikwi. Kazi nyingi bado zinaiweka kwa kuwa zilifuata mwongozo wa zamani. Pili, hata kama unaandika kwa Kiswahili, jina la kitabu libaki katika lugha lililochapishwa. Ukilitafsiri, msomaji atakitafuta kitabu ambacho hakipo.

Takwimu za serikali zina mwandishi ambaye si mtu. Kwa sensa ya 2019, kaunti ya Lamu ilikuwa na watu 143,920. Mwandishi wa namba hiyo ni Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya. Mara ya kwanza andika jina la shirika kwa ukamilifu kama lilivyo kwenye ripoti, pamoja na ufupisho wake KNBS. Baada ya hapo KNBS, 2019, inatosha. Usilitaje gazeti kwa sababu tu ndilo ulilolisoma. Gazeti liliichukua namba kwa KNBS, na huenda lilikosea tarakimu moja. Nenda chemchemini, ripoti iko wazi mtandaoni.

Ikiwa chemchemi huwezi kuifikia kabisa, sema kweli. Andika kwamba fulani amenukuliwa na fulani, na katika orodha uweke kile kitabu ulichokishika mkononi wewe mwenyewe. Kujifanya umesoma kitabu ambacho hujakiona ni uongo, na mhadhiri aliyekisoma atakujua kwa swali moja.

Hukumu ya mahakama ni chanzo ambacho wanafunzi wetu wanakiogopa bure. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kesi iliyofunguliwa na watu wa Lamu kuhusu mradi wa bandari, ombi namba 22 la mwaka 2012, ikaagiza wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hukumu nzima inasomeka bure katika tovuti ya Kenya Law, na inajulikana kama Mohamed Ali Baadi and Others v Attorney General and 11 Others [2018] eKLR. Nimeona utafiti mzima juu ya wavuvi wa Lamu usioitaja, na mwingine unaoitaja kupitia habari ya gazeti yenye aya nne. Soma hukumu yenyewe. Ni ndefu, lakini aya zake zina namba, na hizo namba ndizo unazozinukuu badala ya ukurasa. Jina la kesi liwekwe kwa herufi za mlazo. Na kabla hujaandika kwamba mahakama imeamua hivi, tafuta kama kulikuwa na rufaa na iliishaje. Hukumu si kitabu, inaweza kubadilishwa.

Sasa chanzo cha nne, ambacho ndicho nilichokusudia tangu mwanzo.

Mzee aliyekuambia

Mambo mengi ya pwani hii hayamo kitabuni. Namna nahodha anavyosoma maji ya Mkanda, mwamba gani ulikuwa na samaki kabla bahari haijachimbwa kina kwa ajili ya meli kubwa, fundi wa kijiji cha Matondoni anavyochagua mti wa mkuku, yaani uti wa chini wa jahazi: hayo yamo vifuani mwa watu. Mwanafunzi huja, hukaa saa mbili na mzee, hunywa kahawa yake, kisha huandika "inasemekana kwamba wavuvi wa zamani..." Inasemekana na nani? Profesa wa ng'ambo akisema jambo hilo hilo anapata jina, mwaka na ukurasa. Mzee wetu anapata "inasemekana". Sikubali hilo, na ningependa nawe usilikubali.

Kwanza, ruhusa. Utafiti unaohoji watu nchini Kenya una mambo ya leseni kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu iliyoundwa na sheria ya mwaka 2013, na maadili ya utafiti chuoni kwako. Uliza idara kabla hujasafiri kama kazi yako imo, na uombe barua ya utambulisho. Barua ile utahitaji kuionyesha kwa chifu na kwa kikundi cha wavuvi cha ufukweni.

Kisha fika kama mtu aliyelelewa. Sabalkheri, habari za nyumbani, useme wewe ni mtoto wa nani. Karatasi na simu vibaki mfukoni mpaka umeeleza unachotafuta na umeomba kurekodi. Akikataa kurekodiwa, andika kwa mkono. Akikataa kuandikwa, mshukuru, kaa naye, na hayo aliyokuambia yasiingie kwenye kazi.

Muulize: "Ami, nikuandike jina gani?" Usilikisie. Mtu anaweza kujulikana mji mzima kwa lakabu, na jina la kitambulisho halijui hata jirani. Wengine hawataki kutajwa kabisa, hasa jambo likigusa ardhi au fidia, na wana haki hiyo. Andika tarehe, mahali, kazi yake, na lugha mliyozungumza.

Na usimsahihishe. Akisema *ndia*, andika ndia, usigeuze kuwa njia. Akisema *mayi* na *muyi*, yaache. Ni nukuu, na Kiamu ni lugha yake. Ukiogopa msomaji wa Nairobi hataelewa, weka maana ndani ya mabano ya mraba baada ya neno.

Sasa kanuni. APA inatofautisha hali mbili, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Ikiwa mzee alikupa maelezo ya pembeni, nje ya utafiti wako rasmi, hayo ni mawasiliano binafsi: (F. Fulani, mawasiliano binafsi, 14 Agosti 2024). Yanaandikwa ndani ya maandishi tu, hayaingii katika orodha ya marejeleo, kwa sababu msomaji hawezi kuyapata mahali. Lakini ikiwa mzee ni mmoja wa wale uliowahoji kama washiriki wa utafiti wako, usitumie mawasiliano binafsi kabisa. Hao ni data yako. Unawaeleza katika sura ya mbinu za utafiti, na unawataja kama Mshiriki wa 3, au kwa jina la kupanga, kulingana na mlivyokubaliana. MLA ina moyo mwingine: mahojiano uliyoyafanya mwenyewe huingia katika orodha kwa jina la aliyehojiwa. Chicago huyaweka katika tanbihi.

Naielewa sababu ya APA, lakini inaniuma kuona kazi juu ya Lamu yenye marejeleo hamsini na hakuna hata jina moja la aliyeishi jambo lenyewe. Ipo njia ya halali. Kama mzee amekubali kutajwa, mtambulishe ndani ya maandishi kwa sentensi kamili: ni nani, amevua miaka mingapi, mlikutana wapi. Na kama atakubali, rekodi ihifadhiwe mahali rasmi, katika maktaba ya chuo au hifadhi ya makumbusho. Ikishapata mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuisikiliza, inakuwa chanzo kinachoingia katika orodha kama kingine chochote.

Majina yetu, na maandishi ya kale

Mitindo hii inadhani kila mtu ana jina la ukoo mwishoni. Sisi wengi jina la mwisho ni la baba au la babu. Kanuni inayokuokoa ni kufuata jinsi mwandishi alivyojiandika katika machapisho yake na jinsi maktaba zinavyompanga, kisha kutobadilisha. Abdul Sheriff, mwanahistoria wa Zanzibar, hupangwa chini ya Sheriff. Vyeo kama Profesa, Daktari, Sayyid na Ustadhi huondolewa, lakini angalia usikate jina ukidhani ni cheo: mshairi na mwanaisimu wetu marehemu huandikwa Ahmed Sheikh Nabhany, na anapangwa chini ya N pamoja na herufi zake zote mbili.

Mwanafunzi wa fasihi ana shida nyingine, ya kazi iliyotungwa zamani na kuchapishwa baadaye. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa 1858. Alice Werner na William Hichens waliuchapisha 1934. Ukitumia chapisho hilo, APA inataka miaka yote miwili, 1858/1934, na katika orodha uwataje wahariri. Usiandike 1934 peke yake, utamfanya mama wa karne ya kumi na tisa aonekane aliishi zama za vita vikuu. Badala ya ukurasa, taja namba ya ubeti, kwa sababu chapa zinatofautiana kurasa lakini ubeti unatafutika. Qurani nayo hunukuliwa kwa sura na aya, na utaje tafsiri uliyoitumia.

Hatua ya tano: kupata vyanzo ukiwa kisiwani

Jambo hili lifanywe kabla hujaondoka chuoni. Nenda kwa mkutubi, mwambie unarudi Lamu miezi mitatu, uulize namna ya kuingia katika majarida ya kielektroniki ukiwa nje ya chuo. Vyuo vingi vya Kenya hulipia majarida kwa pamoja kupitia muungano wa maktaba uitwao KLISC, na ada yako imo humo. Wanafunzi wengi wanamaliza miaka minne hawajawahi kuomba nenosiri. Lijaribu likiwa lafanya kazi kabla hujafika Mokowe, na pakua makala unazozihitaji kwa uhakika, uziweke kwenye flashi na kwenye simu. Umeme ukikatika au mtandao ukilegea, utakuwa na cha kusoma.

Ukishafika, zipo hifadhi za bure. AJOL ina majarida ya Afrika tangu 1998 na mengi yanasomeka bila malipo. DOAJ inaorodhesha majarida yaliyo wazi tu. JSTOR hukuruhusu kusoma makala kadhaa mtandaoni kila mwezi ukifungua akaunti ya bure, na humo ndimo kuna makala nyingi za zamani juu ya pwani yetu. Swahili Forum iko wazi yote. Katika Google Scholar, ukiona makala inauzwa, bonyeza panapoonyesha nakala nyingine za makala hiyo. Mara nyingi mwandishi ameiweka bure katika tovuti ya chuo chake. Ikishindikana, mwandikie mwandishi barua pepe fupi. Nimefanya hivyo mara nyingi na wengi hujibu.

Mjini kwenyewe, ingia Ngomeni. Jengo lile lilikuwa jela hadi 1984, na sasa ndani yake pana maktaba. Ni patulivu kuliko nyumbani penye watoto, na wahudumu wa makumbusho wanaijua historia ya mji huu kwa majina ya mitaa na nyumba. Waulize.

Hatua ya sita: programu, na akili unde

Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeleo, ni ya bure, inafanya kazi bila mtandao ukishaiweka kwenye kompyuta, na inaingiza marejeleo moja kwa moja katika Word au LibreOffice. Mwenye simu tu atumie ZoteroBib kwenye kivinjari, haihitaji kusakinishwa. Zote mbili hukosea majina yetu na herufi kubwa, kwa hiyo pitia kila mstari kwa jicho lako.

Kuhusu akili unde: usiiombe ikupe marejeleo. Inaweza kutunga makala ambayo haijawahi kuandikwa, ikampa mwandishi wa kweli, jarida la kweli, na kurasa zinazoaminika. Kijana mmoja alikuja kwangu na orodha ya vyanzo kumi na viwili. Tulikaa usiku mzima tukivitafuta kimoja kimoja, na saba havikuwepo duniani. Alilia, kwa sababu alikuwa amejenga sura nzima juu yake. Ikiwa umeitumia kwa lolote, tafuta kila jina la makala ndani ya alama za kunukuu, fungua kila DOI, na usome kanuni ya chuo chako inayosema uitaje vipi.

Hatua ya saba: nani akusaidie kuandika

Msimamizi wako ni wa kwanza, na analipwa kwa kazi hiyo. Lakini usimtumie sura nzima na neno "naomba maoni". Mtumie kurasa tano na swali moja: "Katika aya ya pili nimemnukuu fulani kupinga hoja ya fulani, je, nimemwelewa sawa?" Swali kama hilo hujibiwa hata na mtu mwenye shughuli nyingi.

Mkutubi ni wa pili, na kwa marejeleo pengine ndiye wa kwanza. Kwa kanuni za kuandika, tovuti ya Purdue OWL ya chuo kikuu cha Purdue huko Marekani iko wazi kwa kila mtu, ina mifano ya APA, MLA na Chicago. Ifungue kila unapobishana na mwenzako, badala ya kubahatisha.

Wa tatu ni wenzako. Kaeni watatu au wanne barazani, kila mmoja asome ukurasa wake kwa sauti. Panapokwama ulimi, sentensi ina kasoro. Panapoulizwa "hayo umeyapata wapi?", chanzo kinakosekana. Hakuna programu inayoshinda hilo, na halina gharama zaidi ya kahawa.

Ukiweza kulipa mhariri, kubalianeni kwa maandishi: arekebishe tahajia, sarufi na mpangilio wa marejeleo. Asiandike hoja, asitafute vyanzo, asiongeze aya. Uliza idara kama inaruhusu, na mshukuru katika ukurasa wa shukrani.

Wapo pia wanaotangaza kukuandikia kazi yote, na matangazo yao yanafika kwenye simu za vijana wetu kila siku. Nasema kwa uchungu kwa kuwa nimeona. Binti mmoja aliuziwa tasnifu iliyokwisha kuwasilishwa na mtu mwingine. Programu ya chuo ya kupima mfanano ikaikamata, na familia iliyouza mbuzi kulipa ada ikalipa mara mbili. Usiwape hata nusu ya sura.

Programu za kupima mfanano, kama Turnitin, zisikutishe ukiwa mkweli. Asilimia inayotoka si hukumu ya wizi. Inaweza kuhesabu hata nukuu ulizoziwekea alama na majina ya vitabu katika orodha yako. Omba ripoti yenyewe, uangalie kila palipopakwa rangi: je, pana alama za kunukuu na jina? Pasipokuwa nalo, rekebisha.

Usiku wa mwisho

Chapisha orodha ya marejeleo peke yake kwenye karatasi, hata kama ni kwa saiba. Pitia kazi yako kutoka ukurasa wa kwanza, na kila jina lililo ndani ya mabano ulitie alama kwenye orodha. Ukimaliza, jina lisilo na alama katika orodha litoke, na jina lililo ndani ya kazi lakini halimo katika orodha liongezwe, isipokuwa lile la mawasiliano binafsi ya APA. Linganisha mwaka na tahajia, maana Ghaidan wa ukurasa wa nne huweza kuwa Gaidan ukurasa wa ishirini. Inachukua saa mbili. Ifanye ukiwa umelala vizuri, si alfajiri ya siku ya kuwasilisha.

Ukienda kuchapisha nakala za chuo, chapisha moja zaidi. Weka alama ya karatasi kwenye ukurasa ulipomnukuu yule mzee, panda mashua uende Matondoni, na umsomee maneno yake kabla hujamkabidhi.